McTominay: Mti Umeomoka Napoli

Wasee, United imechoma picha mob miaka hizi. Lakini kumuuza Scott McTominay? Hiyo ni ile aibu hauongelei hata na mabeste. August 2024, pauni mita 25 na kitu, bilioni 4 na ushee za Kenya. Na walikuwa na Antony bado, msee alinunuliwa mita 80 na zaidi. Hesabu za nani hizo?

Morio alizaliwa Lancaster, 1996, ndani ya England, lakini mbuyu wake ni wa Scotland, so akachagua Scotland. Academy ya United aliingia akiwa katoi kabisa. Tena alikuwa kafupi, alafu akashoot ghafla hadi trao zikamkataa. Mourinho, coach wa United wakati huo, akampea debut May 2017, away kwa Arsenal. 2018 Mourinho akaona hakuna award inamtosha, akamtungia moja fresh: Manager's Player of the Year. Yaani coach ameunda kikombe juu yako. Level zingine.

Wabuyu wa kwa pub je? "Huyo ni mti." Wao ni Roy Keane tu, kiungo wa United wa kitambo. Hata ukiwauliza saa, watakuambia Keane.

March 2020, injury time, Ederson wa City anarusha ngoma vibaya, morio anaipiga first time kutoka mbali na goli liko wazi. Old Trafford inapasuka. Wabuyu: bahati. December 2020, anatupia Leeds mbili ndani ya dakika tatu za kwanza, kitu hakuna msee alikuwa amefanya Premier League. Bahati. March 2023, Spain wanalala 2-0 na Scotland pale Hampden, zote zake. Bahati. October 2023 anatoka benchi, Brentford wanakula mbili injury time. Bahati tena! Hii bahati iko na contract ama?

Alafu wakamuuza Napoli. Sababu ni vitabu: mtoi wa academy hukununua, so ganji yote inasoma profit. Maaccountant walichekelea. United ikamaliza msimu huo namba 15. Chekeleeni sasa.

Shida haikuwa msee, ilikuwa mboka walimpea. United walimweka hapo mbele ya mabeki kama soja wa gate. Antonio Conte, coach wa Napoli, akamcheki mara moja, akamwambia aachane na gate, aingie kwa box. Imeisha hiyo. Goli 12 za ligi msimu wa kwanza. Kwa Premier League hakuwahi kupita 7 kwa msimu mmoja.

May 23, 2025, game ya mwisho, Napoli na Cagliari, uwanja wa Maradona. Inter wako nyuma na point moja, presha imejaa. Politano anamwaga cross kutoka kulia, morio anaruka, mwili umelala hewani, mguu unakata kama makasi. Ndani. Lukaku akaongeza ya pili, Napoli 82, Inter 81, ubingwa wa nne wa club. Morio akabeba MVP wa Serie A, na Ballon d'Or akamaliza namba 18. Mti, ati.

Saa hii Naples wanamuita McFratm, wamemchora kwa ukuta, wengine wamejichora tattoo yake. Na yeye anabonga story za nyanya! Ati za Italy ni tamu. Mlami ameonja nyanya za ukweli akiwa na miaka 27. Hiyo pia ni aibu, lakini tumemsamehe.

November 2025 akarudia madharau Hampden. Denmark, dakika ya tatu, bicycle kick, juu kabisa. Scotland ikashinda 4-2, ikaingia World Cup mara ya kwanza tangu 1998. Kuna wasee wazima na mandevu hawakuwa wamezaliwa.

Sasa kuna mambo ya luku. Jezi ya Napoli ni EA7, hiyo ni Armani, na kwa bei inajisikia Armani kweli kweli. Ukienda original, landlord atakuja kukusalimia. Tafuta ile ya mtaa, hakikisha mgongoni ni 8 na spelling ya McTominay haijakosewa. Kwanza hiyo spelling. Usituchomee picha.