Kuomba Maji Unguja: Yaliyotupata Wanafunzi wa Kampala

Katika toleo hili tungependa kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wanafunzi watakaokwenda Unguja baada yetu, jambo moja lililotushinda katika juma letu la kwanza huko. Halikuwa sarufi. Ngeli tulizijua, na mitihani tulikuwa tumeifaulu. Kilichotushinda ni kuomba maji.

Tulikuwa wanafunzi tisa, wengi wetu Waganda. Basi lilitutoa Kampala kwa njia ya Mutukula na Bukoba hadi Dar es Salaam, kisha boti ya saa mbili hivi ikatufikisha bandari ya Malindi, mjini Unguja. Joto la pwani lilitulemea, maana Kampala iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Lakini mengi mengine hayakuwa mageni kwetu. Wageni wa mbali husumbuliwa na saa za Kiswahili. Sisi hazikutusumbua, kwa kuwa Kiganda nacho huhesabu hivyohivyo, na ssaawa bbiri ni saa mbili. Hata hodi tunayo, twaiita koodi. Basi tukajiona tumefika nyumbani, na hapo ndipo tulipokosea.

Kila mmoja wetu alipewa familia ya kukaa nayo. Mwenzetu mmoja, ambaye darasani hakuna aliyemfikia kwa uchanganuzi wa sentensi, alianza siku yake ya kwanza hivi: "Mama, nipe maji ya kuoga." Mezani akasema, "Mama, niletee chumvi." Kesho yake, "Nionyeshe njia ya Darajani." Ukizisahihisha sentensi hizo kwa kalamu nyekundu hutapata kosa. Mama mwenyeji alitoa maji, akaleta chumvi, akaonyesha njia, lakini maneno yake yakawa yanapungua. Siku ya tatu mtoto wa nyumba hiyo, anayesoma skuli ya msingi, akauliza bila kuzunguka: "Dada, mbona unamwamrisha mama?"

Usiku ule mwenzetu alilia, akataka kuhamia bweni. Kilichomuuma zaidi ni kwamba amelelewa kwa adabu. Siku aliyofika alipiga magoti kumsalimu mama huyo, kama wasichana wa Buganda wafanyavyo mbele ya wakubwa, na mama akamshika mkono upesi: "Inuka mwanangu, hapa hatupigiani magoti. Sema shikamoo, inatosha." Kwa hiyo adabu alikuwa nayo. Swali ni ilipotelea wapi alipofungua kinywa.

Tulilijadili jambo hili sisi kwa sisi, na maelezo yetu ni haya. Katika Kiganda mpa maana yake ni nipe, tena nipe kavu. Mtoto hufundishwa kusema mpaako. Hiyo -ko ya mwisho ni ndugu wa -ko ya yuko na huko katika Kiswahili, lakini hapa haionyeshi mahali; kazi yake ni kupunguza uzito wa amri, kana kwamba msemaji anasema "nipe kidogo tu, kama si taabu". Vivyo hivyo nnyambako, yaani nisaidie. Sasa Mganda anapotafsiri kichwani, ile -ko haina pa kukaa katika Kiswahili. Anatamka nipe huku akiamini amesema mpaako. Upole umebaki Kampala, amri imefika Unguja.

Kiswahili huuweka upole wake mahali pengine: katika kitenzi omba, na katika dhamira tegemezi. Naomba maji. Naomba unipatie chumvi. Tulipoelezwa hivyo, baadhi yetu tulikataa. Neno letu okusaba ni kusali, au kuomba kwa mtu mwenye hitaji, na mmoja wetu aliuliza kwa hasira kidogo kwa nini aombe mkate ambao anaulipia. Jibu tulilipata Darajani. Tulinunua vitu vya shilingi 3,500, tukatoa noti ya 5,000, na mwenye duka akasema: "Naomba mia tano nikurudishieni elfu mbili." Kumbe muuzaji naye huomba. Neno hilo halimshushi mtu. Linapita huku na huku kati ya watu wanaoheshimiana.

Yafaa tukubali pia kwamba sisi wa Uganda tunalo tatizo la historia. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini wazazi wetu wengi walikisikia kwa askari: kaa chini, toa kitambulisho, kuja hapa. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hayo ni mema. Hata hivyo, sheria haifundishi mlio wa sauti, na madarasa yetu nayo huanza na hali ya kuamuru kwa sababu ni nyepesi: soma, andika, njoo, lete. Naomba huja baadaye, ndani ya mazungumzo ya dukani, kama msamiati mmoja kati ya mingi. Tunawaomba walimu wetu waitangulize.

Ama kuhusu makosa mengine, tulichekwa tu. Mganda akipita mtu anayefanya kazi humwambia gyebale ko, yaani humshukuru kwa kazi yake. Tulitafuta neno kama hilo tukaliokota hongera, tukampa mama mmoja aliyekuwa akifagia uani. Akasimama na fagio mkononi: "Hongera ya nini? Nimezaa?" Tangu siku hiyo tulisema pole na kazi. Habari zetu nazo zilikuwa habali kwa muda mrefu, maana l na r kwetu hupokezana kufuatana na irabu iliyotangulia.

Isidhaniwe kwamba Unguja yote huomba. Utingo wa daladala hana naomba: "Sogea nyuma! Kaeni vizuri!" Vijana wanaokaa barazani jioni huambiana lete na nipe siku nzima, wala hakuna anayenuna. Tulichelewa kuling'amua hili. Mwenzetu yule, baada ya kilio chake, alianza kuomba kila kitu. Naomba kijiko, naomba nipite, naomba kukaa. Mwezi ulipokaribia kwisha, akiwa jikoni, akasema, "Mama, naomba sukari." Mama akamtazama. "Sukari iko hapo juu, chukua. Mpaka leo waomba kama mgeni?"

Akaichukua. Na kwa kuwa alikuwa amemweleza mama habari ya ile -ko, neno likaenea nyumbani, hata mtoto yule wa skuli akawa akitaka kuazima kalamu husema, "Dada, nipeko."