Mwaka Mmoja wa Chuo Kikuu na Majirani Zake: Mfano wa SUA, Morogoro

Chuo kikuu kina kazi tatu: kufundisha, kufanya utafiti na kuihudumia jamii. Kazi mbili za kwanza zina ratiba, bajeti na mitihani. Ya tatu mara nyingi hupewa nafasi inayobaki. Kwa sababu hiyo kamati nyingi za parokia zinaishi jirani na chuo bila kujua zibishe hodi mlango gani, na wafadhili nao huuliza utafiti uliogharimiwa umemfikia nani. Makala hii inaeleza jinsi kazi hiyo ya tatu inavyokwenda katika mzunguko wa mwaka mmoja, kwa mfano wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), mjini Morogoro.

Chuo chini ya mlima

SUA ilianza mwaka 1965 kama chuo cha kilimo. Baadaye ikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tarehe 1 Julai 1984 ikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Ilipewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro tarehe 12 Aprili mwaka huohuo.

Jirani wa kwanza wa chuo ni Milima ya Uluguru. Maji yanayoteremka humo huingia Mto Ruvu, ambao ni tegemeo kubwa la maji ya jiji la Dar es Salaam. Udongo ukimomonyoka shambani kwa Mluguru, hasara haiishii kijijini kwake.

Majirani hao wana kumbukumbu na wataalamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na wanawake ndio walioibeba kwa sehemu kubwa. Mahali penye udongo wa juu mwembamba, kuchimba ngazi kulileta juu udongo usio na rutuba, mavuno yakapungua. Mwaka 1955 wananchi walipinga, kukatokea ghasia huko Matombo na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Mpango ukaachwa. Lengo la kuhifadhi udongo lilikuwa jema. Kilichokosekana ni kumsikiliza mwenye shamba. Kila mtaalamu anayepanda mlima huo leo anakuta historia hiyo imemtangulia.

Novemba hadi Machi: panya hawasubiri ripoti

Morogoro ina mvua za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Mahindi mengi hupandwa masika yanapokaribia. Wakati huo ndipo panya shamba wanapofukua mbegu ardhini na kula miche michanga. Watafiti wamekadiria kuwa panya huipotezea Tanzania karibu asilimia 15 ya mavuno ya mahindi kwa mwaka. Kwa kaya yenye ekari moja, hiyo ni mbegu ya kununua mara mbili, na pengine msimu uliokwisha kupita.

Watafiti wa SUA pamoja na wenzao wa Ubelgiji wamewachunguza panya hawa kwa miaka mingi. Waligundua kwamba mvua ndiyo inayopanga uzazi wao. Mvua za vuli zikiwa nyingi, panya huanza kuzaa mapema, jike mmoja akiweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa uzao mmoja, na watoto hao huwahi kukua kabla ya mahindi kupandwa. Kwa hiyo mvua za Novemba na Desemba hutoa onyo la Februari na Machi.

Jambo la pili walilolionyesha ni kwamba mkulima mmoja hawezi kushinda peke yake. Akiweka sumu shambani kwake, panya wa shamba la jirani huingia kujaza nafasi baada ya muda mfupi. Kijiji kinatakiwa kufanya kazi kwa pamoja, siku zilezile, kabla ya kupanda: kufyeka vichaka, kusafisha mipaka na kutega.

Elimu hii ina thamani kubwa, lakini thamani yake ina tarehe. Ikifika kijijini Januari, inaokoa mbegu. Ikifika Mei ndani ya ripoti nzuri yenye picha, mkulima atakuwa amekwisha kupanda mara ya pili.

Mwaka mzima: mbuzi wa Mgeta

Huko Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, mashamba ni madogo na yana mteremko mkali. Ng'ombe hapati pa kulisha. Mwaka 1988 SUA ilipeleka huko mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, ambao hustahimili baridi ya milimani. Hufugwa ndani, katika banda la mbao lililoinuliwa, na kuletewa majani. Maziwa hunywewa nyumbani na mengine huuzwa. Samadi huanguka chini ya banda na kubebwa hadi kwenye bustani za mboga. Udongo unapata rutuba bila mtu kulazimishwa.

Wafugaji walijiunga katika vikundi, na ufugaji huo umeendelea kwa miongo kadhaa. Hata hivyo una tatizo ambalo kila kamati yenye mradi wa mbuzi inapaswa kulijua. Madume yakiwa machache, mbuzi huzaliana ndugu kwa ndugu na uzao hudhoofika. Dawa yake ni kuandika kumbukumbu za kila mbuzi na kubadilishana madume kati ya vikundi. Hapo ndipo chuo kinahitajika hata baada ya mradi kufungwa. Kugawa mbuzi kunamalizika kwa siku moja, lakini kutunza ukoo wa mbuzi ni kazi ya miaka.

Julai hadi Septemba: wanafunzi na maonesho

Mwaka wa masomo kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba na kumalizika katikati ya mwaka unaofuata. Baada ya hapo wanafunzi huenda kwenye mafunzo kwa vitendo. Tarehe 8 Agosti ni Nane Nane, ambapo wakulima wa Kanda ya Mashariki hukutana na wataalamu katika viwanja vya maonesho Morogoro. Ni nafasi nzuri ya kuona mbegu, mifugo na zana, na ya kumpata mtaalamu ana kwa ana. Lakini maonesho ni mwanzo wa mazungumzo tu. Tatizo la shamba halimalizwi bandani.

Kurudisha matokeo

Malalamiko ya kawaida ya wanavijiji ni kwamba watafiti huja na madodoso, huuliza mengi, kisha hawaonekani tena. Morogoro ina mifano miwili inayoonyesha njia nyingine.

Mfano wa kwanza ni shirika la Sustainable Agriculture Tanzania (SAT), lililoanzishwa mwaka 2011. Kwa kushirikiana na SUA, shirika hilo limekuwa likiwakutanisha wakulima na watafiti ili wakulima wataje maswali yao. Wanafunzi huyafanyia utafiti, na matokeo huletwa kwa wakulima wenyewe.

Mfano wa pili ni shirika la APOPO, ambalo tangu mwaka 2000 linafundisha panya buku katika viwanja vya SUA. Wengi wanalijua kwa kutegua mabomu ya ardhini. Tangu mwaka 2007 panya hao wamekuwa pia wakinusa makohozi yanayotoka kliniki ili kubaini kifua kikuu. Panya akionyesha dalili, maabara huthibitisha, kisha kliniki hupewa jibu ili mgonjwa atafutwe. Jibu lisiporudi kliniki, kazi yote hiyo haimponyi mtu.

Kamati ifanye nini?

Kutokana na mifano hii, tunashauri kamati zilizo jirani na chuo chochote zizingatie yafuatayo:

1. Pelekeni swali moja lililo wazi, kwa barua, kabla ya mwaka wa masomo kuanza. "Tusaidieni kilimo" si swali. "Kwa nini mahindi yetu hayaoti baada ya kupandwa?" ni swali.
2. Mweleze mtafiti kalenda ya shamba tangu siku ya kwanza, na mkubaliane tarehe ambayo jibu litakuwa na faida.
3. Kabla ya kujaza dodoso, ulizeni matokeo yataletwa lini, kwa lugha gani na katika mkutano upi.
4. Chagueni mtu wa kutunza kumbukumbu, kwa sababu wanafunzi hubadilika kila mwaka.

Kwa wafadhili, ombi letu ni moja. Bajeti ya utafiti iwe na fungu la kurudisha matokeo kijijini, pamoja na nauli ya mtafiti kurudi mara ya pili. Ni gharama ndogo kuliko zote, na ndiyo inayokatwa kwanza fedha zinapopungua.