Risasi na Mifuo ya Mtutu: Ufafanuzi wa Uchaguzi na Ushindiliaji wa Risasi katika Bunduki za Kujazwa Mdomoni, kwa Kurejelea Historia ya Karagwe

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna risasi ilivyochaguliwa na kushindiliwa katika bunduki za kujazwa mdomoni zenye mifuo ndani ya mtutu. Ufafanuzi huo unatumika kusoma upya ushahidi kuhusu silaha zilizofika Karagwe, eneo ambalo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Hoja kuu ni kwamba neno “bunduki” katika vyanzo vya kihistoria linafunika zana zenye uwezo unaotofautiana mno. Kwa hiyo, idadi ya bunduki peke yake haiwezi kuwa kipimo cha nguvu za dola wala cha mafanikio ya uwindaji.

1.0 Utangulizi

Mwishoni mwa Novemba 1861, John Hanning Speke na James Augustus Grant waliwasili katika makao ya Mukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe. Msafara wao ulikuwa umepewa na serikali ya India bunduki fupi 50 za muundo wa askari wa mizinga pamoja na risasi 20,000. Wakati huohuo, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo Kafuro, nao walileta bunduki na baruti kwa ajili ya kubadilishana na pembe za ndovu. Hivyo basi, aina mbili za silaha zilikutana katika nchi moja: bunduki ya kijeshi na gobore la biashara.

Kwa mtazamo wa nje silaha hizi zilifanana. Zote zilijazwa baruti kupitia mdomoni, na zote zilihitaji mdeki wa kushindilia. Tofauti kubwa ilikuwa ndani ya mtutu, mahali ambapo mwandishi wa safari au msimulizi wa mapokeo hakuangalia kwa kawaida. Sehemu zinazofuata zinaeleza tofauti hiyo na athari zake.

2.0 Mtutu usio na mifuo

Gobore la biashara lilikuwa na mtutu laini. Risasi yake ilikuwa tufe la madini ya risasi lenye kipenyo kidogo kuliko cha mtutu. Bunduki ya kijeshi ya Uingereza ya karne ya 18, ambayo ni mfano unaofahamika wa kundi hili, ilikuwa na mtutu wa takribani milimita 19 na risasi ya takribani milimita 17.5. Pengo hilo liliachwa kwa makusudi, kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hubaki kama masizi na majivu baada ya kuungua. Pasipo pengo, risasi isingeweza kushuka mtutuni baada ya milio michache.

Faida ya wepesi huo ilikuwa na gharama yake. Gesi ilivuja pembeni mwa risasi, nayo risasi iligongagonga kuta za mtutu hadi mdomoni. Mgongano wa mwisho ndio ulioamua mwelekeo wake. Kwa sababu hiyo, ustadi wa mpigaji haukuweza kufidia kasoro ya chombo. Nje ya mita 100 hivi, kumpata mtu mmoja aliyelengwa kulikuwa jambo la bahati. Hata hivyo, mtutu laini ulikuwa na sifa ambayo mwenye mifuo haukuwa nayo: ulipokea marisaa, vipande vya chuma na hata vijiwe, jambo lililoufaa mahali ambapo madini ya risasi yalikuwa adimu.

3.0 Kazi ya mifuo

Mifuo ni michirizi inayochongwa ndani ya mtutu kwa mzunguko wa parafujo. Risasi inayoshika mifuo hutoka ikizunguka, na mzunguko huo huituliza angani kama pia inavyosimama wima maadamu inazunguka. Kasi ya mzunguko inayohitajika hutegemea urefu wa risasi ukilinganishwa na kipenyo chake. Tufe huhitaji mzunguko wa polepole. Risasi ndefu huhitaji mzunguko wa haraka zaidi, la sivyo hupinduka njiani.

Mifano miwili inatosha kuonyesha tofauti hiyo. Enfield ya mwaka 1853 ilikuwa na mtutu wa milimita 14.66 na mifuo mitatu iliyokamilisha mzunguko mmoja katika inchi 78, yaani takribani mita 1.98. Huo ni umbali wa takribani vipenyo 135 vya mtutu. Bunduki ya Joseph Whitworth ilikuwa na mtutu wa pembe sita wenye upana wa milimita 11.46, na mzunguko mmoja ulikamilika katika inchi 20, yaani takribani vipenyo 44. Silaha hizi mbili zisingeweza kutumia risasi moja, ingawa zote ziliitwa bunduki za mifuo.

4.0 Uchaguzi wa risasi

4.1 Tufe lenye kitambaa

Njia ya zamani zaidi ilikuwa kufunga tufe katika kitambaa kilichopakwa mafuta. Tufe lilikuwa dogo kidogo kuliko mtutu, na kitambaa ndicho kilichojaza pengo na kushika mifuo. Mpigaji alipaswa kulinganisha vitu vitatu: kipenyo cha tufe, unene wa kitambaa na kina cha mifuo. Kitambaa chembamba mno kiliungua au kupasuka. Kinene mno kilizuia risasi kushuka. Vitambaa vilivyookotwa baada ya mlio vilimpa mpigaji ushahidi: kilichotoboka au kuungua katikati kilionyesha kwamba gesi ilikuwa imepenya.

4.2 Risasi ndefu yenye shimo kitakoni

Njia ya kwanza ilikuwa sahihi lakini ya polepole, hivyo haikulifaa jeshi kubwa. Ufumbuzi ulioenea ni ule wa afisa Mfaransa Claude-Étienne Minié wa mwaka 1849. Risasi yake ilikuwa nyembamba kuliko mtutu, ndefu, na yenye shimo kitakoni. Ilishuka kwa urahisi. Kisha baruti ilipolipuka, gesi ilitanua kingo za shimo hadi zikashika mifuo. Risasi ya Enfield ilitumia kanuni hiyohiyo, ikiwa na uzito wa takribani gramu 34. Tufe la milimita 14.2, ambalo lingeingia katika mtutu huohuo, lingekuwa na uzito wa takribani gramu 17 tu. Uzito maradufu katika kipenyo kilekile ulimaanisha risasi kupoteza kasi yake taratibu zaidi. Ndiyo maana kilengeo cha Enfield kilipimwa hadi yadi 900, yaani takribani mita 820.

Sharti la njia hii ni ulaini wa madini. Risasi safi huyeyuka katika nyuzijoto 327 za Selsiasi na hutanuka kwa urahisi. Ikichanganywa na bati huwa ngumu, kingo zake hazitanuki vya kutosha, na mifuo hubaki bila kazi.

4.3 Risasi iliyoumbwa kwa mtutu wake

Whitworth aliumba risasi yenye pembe sita iliyolingana na mtutu wake, ingawa risasi ya mviringo ya madini laini nayo iliweza kutanuka na kuchukua umbo hilo. Speke alimpa Kabaka Mutesa wa Buganda bunduki ya Whitworth mwaka 1862, baada ya kuipitisha Karagwe. Ilikuwa miongoni mwa bunduki zilizolenga kwa usahihi mkubwa zaidi duniani wakati huo. Hata hivyo, thamani yake kama silaha ilidumu kwa kadiri risasi, kalibu na fataki zake zilivyopatikana. Katika usomaji wa vyanzo, zawadi hiyo haina budi kutenganishwa na ugavi wa silaha.

5.0 Ushindiliaji

Usahihi ulitegemea kurudiwa kwa tendo lilelile bila tofauti. Kwanza, baruti ilipimwa kwa kipimo kimoja kila mara. Kipimo cha kawaida cha Enfield kilikuwa takribani gramu 4.4. Haikufaa kumimina moja kwa moja kutoka katika chombo kikubwa, kwani cheche iliyosalia mtutuni ingeweza kukilipua chombo chote mkononi. Pili, risasi iliingizwa ikiwa imenyooka, kwa kuwa iliyoinama hutoka imeinama. Tatu, ilisukumwa hadi ikalie baruti kabisa. Kugongagonga kwa mdeki kulibomoa pua ya risasi. Msukumo mmoja wa nguvu iliyo sawa ulitosha. Mwisho kabisa ndipo fataki ilipowekwa.

Hatua ya tatu ilihusu uhai wa mpigaji pia. Risasi iliyokwama katikati, ikiacha nafasi kati yake na baruti, huweza kupasua mtutu. Wapigaji makini walichora alama kwenye mdeki iliyoonyesha kina cha mtutu uliojazwa sawasawa. Alama ilipobaki juu ya mdomo, ama risasi ilikuwa haijafika ama mtutu ulikuwa umejazwa mara mbili.

6.0 Mazingira ya Karagwe

Hali ya nchi iliathiri kanuni hizi. Wakati wa kiangazi masizi ya baruti hukauka na kuwa magumu, hivyo mafuta na kupangusa mtutu huhitajika zaidi. Wakati wa masika adui mkuu ni unyevu wa baruti yenyewe na kutu. Aidha, nyanda za Karagwe zimeinuka. Katika mwinuko wa mita 1,500 uzito wa hewa hupungua kwa takribani asilimia 14 ukilinganishwa na usawa wa bahari. Risasi hukutana na ukinzani mdogo zaidi, na kwa shabaha ya mbali huangukia juu kidogo ya pale inapoangukia pwani. Kwa gobore laini tofauti hiyo haina maana, kwa kuwa mtawanyiko wa risasi zake huimeza.

7.0 Athari kwa utafiti

Mifuo ilikuwa pia mpaka wa kisheria. Mkataba Mkuu wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za mifuo katika eneo la Afrika lililo kati ya latitudo ya 20 Kaskazini na ya 22 Kusini, ila kwa idhini maalumu, huku ukiruhusu kwa masharti bunduki laini za gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Karagwe ilikuwa ndani ya eneo hilo. Kwa hiyo, kuendelea kwa gobore laini mikononi mwa Waafrika hakuwezi kuelezwa kwa uchaguzi au mazoea yao peke yake; dola za kikoloni zilijua vema tofauti iliyoelezwa katika makala haya, na ziliitumia.

Kwa mtafiti wa nyanjani, maswali matatu hutangulia hesabu yoyote ya silaha: je, mtutu una mifuo? Risasi na kalibu vilitoka wapi? Fataki au gumegume vilipatikanaje? Pale ambapo silaha ya kale inaonyeshwa nyumbani kwa mwenyeji, ichukuliwe kuwa imejazwa mpaka ithibitike vinginevyo, kwa kuwa baruti kavu haipotezi nguvu kwa umri. Umiliki wake nao unaangukia chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, hivyo kumtambulisha mwenyeji katika ripoti kunaweza kumletea madhara.

8.0 Hitimisho

Imebainishwa kuwa usahihi wa bunduki ya kujazwa mdomoni ulitokana na ulinganifu wa mtutu, risasi na mkono wa mpigaji. Kukosekana kwa kimojawapo kuliirudisha bunduki bora katika kiwango cha gobore. Historia ya Karagwe inayohesabu mitutu bila kuuliza juu ya mifuo na risasi inahatarisha kuita nguvu kile kilichokuwa mlio, na kuita udhaifu kile kilichokuwa kizuizi cha sheria.