Ukuta wa Moyo

Mbuzi akichinjwa, utazame moyo wake kabla haujatiwa chunguni. Ukiupasua kwa kisu utaona vyumba vinne, na kuta zake ni nyama nyekundu iliyo ngumu. Moyo wa mtu nao umejengwa vivyo hivyo. Jicho huona nyama tu. Lakini wataalamu hukata kipande chembamba kuliko karatasi, wakakitazama kwa hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo.

Ukuta wa moyo una matabaka matatu. La nje ni utando mwembamba wenye mafuta na mishipa iletayo damu ya kuulisha moyo wenyewe. La kati ni nene kuliko yote, nalo ni misuli. La ndani ni utando laini sana, ili damu ipite bila kukwama. Utando huo hufunika pia vali, yaani milango midogo izuiayo damu isirudi nyuma.

Misuli hiyo ni seli nyingi mno. Urefu wa seli moja ni yapata sehemu ya kumi ya milimita. Seli hizo zina matawi, nazo hushikana ncha kwa ncha. Pale ziunganapo pana vifungo vya kuzizuia zisiachane, na matundu madogo mno yapitishayo umeme kutoka seli moja hata nyingine. Kwa hiyo zote hujikunja pamoja, kama wavuvi wavutao juya kwa wimbo mmoja. Hufanya hivyo yapata mara 70 kwa dakika, maana yake mara 100,000 kwa siku, usiku na mchana.

Je, nguvu hiyo yatoka wapi? Karibu theluthi ya kila seli imejaa vijumba vya kutengeneza nguvu, viitwavyo mitokondria, na kando yake hupita mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele.

Ngozi ikikatwa, huota mpya. Seli za misuli ya moyo zikifa, hazioti tena ila kidogo sana. Mahali pake huwa kovu, na kovu haliwezi kujikunja. Vali nazo zaweza kuharibika. Viini vingine vya ugonjwa wa koo visipotibiwa, mtoto aweza kupatwa baadaye na homa ya kuvimba viungo, na vali zake zikakakamaa. Basi, ukiumwa koo pamoja na homa, usinyamaze. Mwambie mzazi au mwalimu wako, upelekwe hospitali upate dawa mapema.