Mpangaji Anayekula Kuta

Sogeeni, wanangu, sogeeni. Mnaijua ile mirunda inayoshikilia zege kwenye maghorofa mapya ya Kariakoo? Mingi ni mikaratusi. Nguzo za umeme za mtaani kwenu Ilala, nyingi nazo ni mikaratusi, imekuja kwa malori kutoka nyanda za Iringa. Na ukishikwa na mafua, bibi akakufunika shuka upige nyungu, yale majani yanayokuzibua pua ni ya mkaratusi.

Basi mti huu una mpangaji.

"Mjomba, mti unapangishaje?"

Swali zuri hilo! Mpangaji mwenyewe ni nyigu. Si yule wa darini anayewafukuza mkipiga kelele. Huyu hachomi mtu. Toa rula yako ya shule: milimita moja na kidogo, ndio urefu wake wote. Ni wa kahawia, na jua likimpiga anang'aa kijani na bluu. Wataalamu humwita Leptocybe invasa. Jina refu kuliko mwenyewe!

Nyigu huyu hutafuta jani changa. Jani kuukuu halitaki. Hutua kwenye mshipa wa katikati, au kwenye kikonyo, akatoboa, akaweka yai. Akisogea kidogo, hutoboa tena.

"Na kodi je?" mti unauliza.

"Kodi silipi," anajibu nyigu. "Wala chumba sijengi. Jenga wewe."

Na mti unajenga! Yai likiingia, na buu akianza kula, mti huota nyama mahali pale. Panavimba. Kinatokea kinundu cha kijani, baadaye kinaiva wekundu, mwisho kinakuwa kahawia. Ndani yake buu amekaa chumbani mwake. Anakula nini humo? Anakula kuta! Mti unajenga, buu anakula. Mti unajenga, buu anakula. Hebu waza mtu aingie uani kwenu bila hodi, baba amjengee chumba, kisha yeye akitafune.

"Anakaa humo mpaka lini?"

Waliomchunguza waliona kwamba tangu yai mpaka nyigu kutoka hupita siku kama 132. Zaidi ya miezi minne! Kisha hutoboa kitundu cha duara na kuruka. Huko nje, hata akipata chakula, huishi kama wiki moja tu. Miezi minne chumbani, wiki moja barabarani.

"Na baba yake yuko wapi?"

Aliyeuliza hili nampa muwa. Baba karibu hayupo kabisa. Madume ni wachache mno. Jike hutaga bila dume, na watoto wake karibu wote ni majike. Ndiyo maana nyigu mmoja akifika ugenini, anatosha kuanzisha ukoo.

Kwao ni Australia, ambako ndiko asili ya mkaratusi wenyewe. Mwaka 2000 alionekana nchi za Mediterania. Mwaka 2002 yuko Kenya na Uganda. Mwaka 2005 akaripotiwa Tanzania.

Ulaya na Asia wapo nyigu wengine wanaoujengesha mti wa mwaloni vivyo hivyo. Watu walisaga vinundu vile, wakachanganya na chumvi ya chuma, wakapata wino mweusi walioandikia kwa karne nyingi. Angalau wale waliacha kitu. Huyu wetu, kwa maoni yangu, ni mpangaji wa hasara tupu.

"Kwani mti unakufa?"

Mti mkubwa huvumilia. Mche ndio unaoteseka. Vinundu vikiwa vingi, majani hujikunja, shina hudumaa, na mrunda ulionyooka hauupati tena. Wakulima wa miti hujihami kwa kuchagua aina za mkaratusi ambazo nyigu huyu hazipendi. Afrika Kusini, mwaka 2012, walimwachia adui yake: nyigu mwingine kutoka hukohuko Australia, ambaye hutaga ndani ya kinundu, na mtoto wake humla mwenye chumba.

Sasa kazi yenu. Bibi akileta majani ya mkaratusi, msiyakimbilie kuyatia sufuriani. Pitisheni kidole kwenye mshipa wa katikati. Mkikuta kinundu chenye kitundu, mpangaji amehama. Mkikuta kisicho na kitundu, mwombeni mtu mzima awapasulie kwa wembe, mumtazame buu mwenyewe.