Hafla ya Hisani katika Somo la Kiingereza

Mwanafunzi wa darasa la sita aliyekwisha kufundishwa muundo wa barua ya mwaliko aghalabu huiandika bila kujali kama itaeleweka, kwani ajua haitasomwa na mtu yeyote ila mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Mpe barua itakayopelekwa kweli kwa mgeni, naye atauliza mwenyewe kama neno fulani limeandikwa sawasawa. Kwa sababu hiyo yafaa mwalimu mwanafunzi, awapo katika mazoezi ya kufundisha, alipe darasa kazi ya kutayarisha hafla ndogo ya hisani, na sehemu ya matayarisho hayo ifanywe kwa Kiingereza.

Hafla ya kuigiza haitafaa. Darasa lichague haja inayoonekana, kama vile madawati, tangi la maji, au makao ya wazee yaliyo jirani. Isiwe kumchangia mtoto mmoja anayetajwa kwa jina, maana huyo atausoma umaskini wake katika kila tangazo ukutani. Mwalimu mkuu na kamati ya shule watoe idhini kwanza, na fedha zishikwe na mtu mzima waliyemteua wao. Aliye mazoezini asizishike kamwe.

Matamshi yaanze na maneno yanayodaiwa na shughuli yenyewe. La kwanza ni “collect”. Wako watoto ambao katika lugha zao za nyumbani l na r hazitofautishi maana. Hao husema “correct” wakikusudia “collect”, na fedha zilizokuwa zikusanywe zikawa za kusahihishwa! Darasa litacheka, na licheke neno, wala si msemaji. Mwalimu atamke jozi hiyo, pamoja na “play” na “pray”, na wanafunzi wainue mkono wa kulia au wa kushoto kwa kadiri ya neno walilolisikia. Ndipo watamke wao. Mwalimu anayewakaririsha kabla masikio yao hayajatambua tofauti hupoteza kipindi chake.

Hesabu za wageni nazo ni hatari. Anayekusudia “fifty” akasikiwa “fifteen” atapangiwa viti 15 kwa wageni 50. Katika Kiswahili mkazo huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo hupatana na “fifty”. “Fifteen” likisemwa peke yake huwa na mkazo mwishoni. Lakini likitangulia jina mkazo huo huweza kurudi nyuma, kwa hiyo wanafunzi wazoezwe pia kuirefusha irabu ya mwisho na kuifanya n isikike. Mmoja ataje idadi ya viti, sahani na vikombe, na mwenzake aliyempa mgongo aandike tarakimu, kisha walinganishe.

Siku ya hafla ina somo lake. “Tuesday” na “Thursday” zikichanganywa, mgeni atakuta uwanja mtupu. Sauti inayoanza “Thursday” ni ile ile ya thelathini na themanini, basi mwalimu aanzie hapo. Katika “Wednesday” d ya kwanza huandikwa lakini kwa kawaida haitamkwi, jambo linalomshangaza mtoto aliyezoea Kiswahili, ambamo kila herufi hudai haki yake.

Barua ya Kiingereza wapelekewe watu wanaokisoma, kwa mfano walimu wa shule ya sekondari iliyo karibu. Wazazi waandikiwe Kiswahili. Kumwandikia mzazi lugha asiyoijua ni kujionyesha tu, na watoto wataligundua hilo upesi. Kila kikundi kiandike rasimu, kisha kikundi kingine kisomewe bila kuiona, na kiandike siku, saa, mahali na sababu ya mwaliko. Kisichoweza kujibiwa hakimo baruani, au hakikutamkwa vizuri. Wenyewe na watafute ni lipi kati ya hayo mawili. Mwalimu asiwaandikie. Apige mstari chini ya kosa na kuwaachia warekebishe, ila nakala ya mwisho aikague neno kwa neno, kwa kuwa itatoka nje ya shule.

Tangazo la ukutani halihitaji kazi nyingi: maneno machache yenye herufi kubwa. Barua ya shukrani iandikwe kesho yake, ikitaja kiasi kilichopatikana kwa tarakimu na kwa maneno, na mwanafunzi mmoja akisome kiasi hicho kwa sauti mbele ya darasa kabla bahasha haijafungwa.