Mtoto anayeongezwa damu kila mara: tusitazame mbegu tu, tutazame na udongo



Ndugu yetu mmoja, mtu wa Pwani aliyehamia Ruiru kikazi, aliniuliza swali ambalo naona si lake peke yake. Mwanawe huongezwa damu akarudi nyumbani amechangamka, lakini baada ya wiki kadhaa ni yale yale: uso umepauka, homa haziishi, na damu humvilia miguuni bila ya kuanguka. Madaktari wamemwambia ni maradhi ya kurithi yaitwayo anemia ya Fanconi, na kwamba uboho umeshindwa kazi. "Kama shida ni damu," aliniuliza, "mbona kuongezwa hakumponyi?"

Uboho, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita uloto, ni ule ute ulio ndani ya mifupa. Humo ndimo damu inamozaliwa. Mtu mzima hutengeneza seli nyekundu kama bilioni 200 kila siku. Seli hizo huishi siku 120 hivi, na zile za kugandisha damu hazizidi siku 10. Kwa hivyo kumwongeza mtoto damu ni kama kununua matunda sokoni ilhali shamba lako limekauka. Yatakwisha, utarudi sokoni. Isitoshe, damu ya kuongezwa mara nyingi huacha madini ya chuma mwilini, yakajikusanya kwenye ini na moyo.

Sasa shamba lina nini? Hapo hapo Ruiru pana kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa mche maarufu wa Ruiru 11 mwaka 1985, mche unaohimili chule buni na kutu ya majani. Muulize mkulima yeyote wa huko: mche huo, pamoja na sifa zake zote, ukiupanda kwenye udongo uliochoka hauzai. Uboho nao ndivyo ulivyo. Mbegu ni seli shina, zile zinazozaa seli nyingine zote za damu. Udongo ni seli saidizi, ambazo wataalamu huziita stroma: za kujenga mfupa, za mafuta, za kuta za mishipa midogo, na nyinginezo. Hizi zenyewe si damu. Kazi yao ni kuzishika seli shina mahali pake, kuzilisha, na kuzipa ishara lini zizae na lini zitulie.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1978 mwanasayansi wa Uingereza, Ray Schofield, alieleza kwamba seli shina huhitaji makao maalumu ili idumu. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliiondoa jeni moja ya panya, iitwayo Dicer1, katika seli changa za kujenga mfupa peke yake. Mbegu za damu hawakuzigusa. Hata hivyo damu ya panya hao iliharibika, na baadhi yao wakapata saratani ya damu. Udongo mbaya uliiharibu mbegu nzima.

Turudi kwa mtoto wetu. Anemia ya Fanconi, iliyoelezwa na daktari wa Uswisi Guido Fanconi mwaka 1927, hutokana na hitilafu katika jeni za kutengeneza DNA inapoharibika. Hitilafu hiyo ya kurithi haiko katika damu tu. Imo hata katika seli saidizi. Kwa panya waliokosa jeni hizo, seli saidizi zimeonekana kuwa dhaifu katika kuilea mbegu. Ndiyo maana baadhi ya watoto hawa huwa wafupi, au kidole gumba kina kasoro, au ngozi ina madoa ya rangi ya kahawa.

Je, tiba ipo? Kwa upande wa damu, ipo: kupandikizwa uboho wa mtu mwingine. Watoto wengi hufaulu, kwa hivyo tusiseme udongo ndio kila kitu. Lakini lieleweke hili: mbegu huwa mpya, udongo kwa sehemu kubwa hubaki ule ule wa mtoto. Dawa kali za kumtayarisha hupunguzwa, kwani seli zake hazizihimili. Na hata damu ikipona, hatari ya saratani ya mdomo na koo hubaki, hivyo uchunguzi wa kila mara hauna mwisho.

Jambo la kwanza nililomwambia baba yule ni kuwapima ndugu za mtoto. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuoana naye kwa uboho. Lakini kabla ya kutoa, naye apimwe Fanconi, maana anaweza kuwa nayo na bado anaonekana mzima.

Jambo la pili latuhusu sote. Mara nyingi mtoto huyarithi maradhi haya kwa baba na mama, kila mmoja amebeba jeni moja mbovu naye ni mzima wa afya. Kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. Kwetu ndoa za watoto wa ami na wa shangazi ni halali na ni mila, ila waliotoka ukoo mmoja wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba jeni ile ile. Hakuna anayeiharamisha halali. Tunachosema ni kwamba ukoo uliowahi kuzika watoto kwa "kuishiwa damu" usilifiche jambo hilo siku ya posa.

Mzazi uliye Thika au Ruiru, ukiona dalili hizi usianze na kusingizia kijicho wala jini. Hesabu kamili ya damu ni kipimo cha kawaida, na hospitali kama Thika Level 5 iko karibu. Majibu yakionyesha seli za aina zote zimepungua, omba rufaa kwa daktari wa damu. Dua ni silaha ya muumini, na Mtume (SAW) alituhimiza pia kutafuta dawa. Tuyafanye yote mawili, na mapema, inshaAllah.